Umefika wapi? Neno "arrive" na kihusishi chake

Katika Kiingereza kinachoandikwa hapa Mwanza, sentensi ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni hii: "We arrived to Mwanza." Naiona kwenye ripoti za safari za kikazi, kwenye barua za wanafunzi wanaoomba ufadhili, kwenye ujumbe wa vijana wanaopokea wageni uwanja wa ndege. Wakati mwingine huja bila kihusishi chochote, yaani bila neno dogo kama "to", "in" au "at": "We arrived Mwanza". Wakati mwingine kitenzi kinabadilika na kuwa "We reached at Mwanza". Zote tatu zina kosa, na zote tatu huandikwa na watu makini, waliosoma, ambao Kiswahili chao hakina doa. Ninaamini Kiswahili hichohicho kikiangaliwa kwa karibu kinaweza kuwatoa kwenye kosa hilo.

Kazi yangu ni kusoma na kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajatumwa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nakata "to", naandika "in" juu yake, narudisha karatasi. Mwenye karatasi ananishukuru, na mwezi unaofuata analeta nyingine yenye "to" ileile. Nilichelewa kutambua kwamba nilikuwa nakata majani na kuacha mzizi. Sikuwa nimemweleza mtu hata mmoja kwa nini.

Tazama tunavyosema. Nakwenda Mwanza, narudi Mwanza, natoka Mwanza, nimefika Mwanza, naishi Mwanza. Vitenzi vitano, na jina la mji halijaongezewa kitu hata mara moja. Kwa majina ya kawaida tunatia -ni mwishoni, lakini -ni hiyo ni moja kwa yote: nakwenda bandarini, natoka bandarini, nimefika bandarini, nalala bandarini. Habari ya kwamba mtu anaelekea, anaondoka au ametulia imo ndani ya kitenzi. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kinataka neno dogo la kando kwa kila hali: "go to", "come from", "live in". Basi mwandishi wetu akifika kwenye "arrive" anatafuta neno dogo la kuliweka. Anakumbuka "go to", "come to", "return to", "travel to", vyote vitenzi vya safari, naye anahitimisha kwamba "arrive" ni ndugu yao. Ni hitimisho la mtu anayefikiri. Hata Kifaransa, ambako Kiingereza kililitoa neno hili, husema "arriver à", na hiyo "à" yao hubeba maana ya kuelekea mahali na ya kuwa mahali pia. Waliosoma kwa Kifaransa nao huandika "arrive to" vilevile.

Ila Kiingereza hakilioni "arrive" kama kitenzi cha njia. Kinaliona kama kitenzi cha pale njia inapokwisha. "To" huchora mshale: unatoka hapa, unaelekea kule. Ukishafika mshale hauna kazi tena, kwa sababu sasa upo. Kwa hiyo "arrive" huchukua vihusishi vilevile vya mtu aliyetulia mahali: "in", "at", na mara chache "on". Anayeandika "I am at the port" ataandika pia "I arrived at the port". Anayeandika "I live in Mwanza" ataandika "I arrived in Mwanza". Ukitaka kujaribu sentensi yako, weka "I am" mahali pa "I arrived". "I am to Mwanza" haisemeki, na "I arrived to Mwanza" haiandikiki kwa sababu ileile.

Asili ya neno lenyewe inalipa hili uzito, nayo inatuhusu sisi wa kandokando ya ziwa kuliko wengi. "Arrive" liliingia Kiingereza mnamo karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa kililipata kwenye Kilatini: "ad", yaani kwenye, na "ripa", yaani ukingo wa maji. Kuwasili kulikuwa ni kugusa ufuko. Katika Kiingereza cha mwanzo neno hili lilihusu chombo na watu wake wanaposhuka nchi kavu, na baadaye tu likapanuka hadi kwa msafiri wa farasi, wa treni, wa ndege. Neno "river" lina mzizi huohuo wa ukingo. Mvuvi anayeegesha mtumbwi mwaloni Kirumba, yaani pale ufukoni samaki wanaposhushwa, alfajiri anafanya kile ambacho neno hili lilitungwa kukitaja. Hakuna anayesema mtumbwi ulioegeshwa bado unaelekea mwaloni. Umegusa, upo. Ndani ya "arrive" ufuko umeshaguswa, na hakuna nafasi iliyobaki ya "to".

Sasa lipi kati ya "in" na "at"? Hapa ndipo watu wengi wanaojua kwamba "to" ni kosa hukwama tena, na hapa ndipo Kiswahili kinasaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi nilichowahi kukitumia.

Ile -ni yetu moja ina nyuso tatu zilizojificha. Tunasema bandarini pale, bandarini kule, bandarini mle. Tunasema yupo, yuko, yumo. Pa- ni mahali palipo dhahiri, unapoweza kupanyooshea kidole. Ku- ni upande fulani, mahali pasipo mipaka, au kuelekea huko. Mu- ni ndani. Siku hizi kwenye mazungumzo ya mtaani "yuko" imechukua kazi ya zote tatu, na "yumo" tunaisikia mara chache kuliko walivyoisikia wazee wetu, lakini hakuna Mswahili asiyehisi tofauti ya "yupo garini pale" na "yumo garini mle". Kiingereza kina utatu unaokaribiana na huo: "at" ni pa, "in" ni mu, na "to" ni ku ya kuelekea. Mtu aliyefika hayuko tena kwenye ku. Ama yupo, ama yumo.

Amefika stendi ya Nyegezi. Stendi ni nukta kwenye safari yake, yupo pale: "She arrived at Nyegezi bus stand." Amefika Tanzania. Nchi imemzunguka pande zote, yumo: "She arrived in Tanzania." Bandari, stesheni, shule, hoteli, ofisi, hospitali, mkutano na harusi kwa kawaida ni "at". Nchi, mikoa na miji ni "in". Haijalishi kwamba uwanja wa ndege una eneo kubwa kuliko kijiji. Kinachoangaliwa ni namna mwandishi anavyopafikiria mahali hapo, kama kituo au kama chombo kilichombeba ndani yake. Ndiyo maana mji uleule unaweza kubadilika. Ukieleza safari ya basi kutoka Mwanza kwenda Shinyanga unaweza kuandika "We arrived at Misungwi before noon and drove on", kwa kuwa Misungwi hapo ni nukta njiani. Ukienda Misungwi kufanya kazi wiki nzima, andika "I arrived in Misungwi on Monday". Mji ni mmoja, ila mara ya kwanza umeupita na mara ya pili umeingia ndani yake.

Nakiri kwamba ulinganisho huu haujakamilika. Magazeti yetu huandika "jijini hapa" pale ambapo Kiingereza kingetaka "in this city". Usiutumie kama mizani ya dukani. Utumie kujiuliza swali moja kabla hujaandika: amefika, sasa yupo au yumo?

Ziwa linaleta uso wa nne. Kisiwa ni kitu unachokanyaga juu yake, kwa hiyo Kiingereza hupenda "on": "The visitors arrived on Saanane Island." Ukikitazama kisiwa kama mahali boti inapoegesha, "at" nayo ni sahihi: "The boat arrived at the island." Ukiitaja Ukerewe kama wilaya, yenye watu, shule na mashamba, basi "in": "The new doctor arrived in Ukerewe last week." Na Nansio ni mji, "arrived in Nansio". Zanzibar na Madagascar huandikwa kwa "in" kwa sababu hiyohiyo, maana akili ya mwandishi inaiona nchi na watu wake kabla ya kuona ardhi iliyozungukwa na maji.

Na kwa kuwa tupo ufukweni, niseme jambo moja ambalo halihusu "arrive" lakini naliona kila wiki. Mji ulio kando ya ziwa, kwa Kiingereza, uko "on" ziwa: "Mwanza is a city on Lake Victoria." Mtumbwi nao uko "on the lake", na sangara yuko "in the lake". Ukiandika "Mwanza is in Lake Victoria" umeutia mji majini. Mwenyeji wa hapa atakuelewa. Anayesoma kutoka mbali atadhani ni kisiwa.

Halafu kuna "kwa". Hili limenishughulisha sana, kwa sababu kosa lake halionekani upesi. Tunasema "nimefika kwa mjomba", na mwandishi anaandika "I arrived to my uncle", au, akiwa amejifunza kuikwepa "to", "I arrived at my uncle". Kiingereza hakiwezi kufika kwa mtu. Kinafika kwenye nyumba yake, hata kama neno nyumba halitajwi: "I arrived at my uncle's." Ule mkato na "s" vinasimama badala ya nyumba. Ukivisahau, mjomba anageuzwa kituo cha basi. Vivyo hivyo "arrive at the doctor's", "arrive at my aunt's". Kiswahili chetu kinaiona nyumba ya mtu na mtu mwenyewe kama kitu kimoja, na mimi naona uzuri mkubwa katika hilo, lakini hauvuki kwenda upande wa pili.

Sasa nije kwenye "reach", maana mtu akikatazwa "arrive to" hukimbilia huko na kuandika "reach at", "reach to" au "reach in". "Reach" haina kihusishi kabisa inapomaanisha kufika. "We reached Mwanza." "The ferry reached Kamanga." Basi.

Kwa nini ndugu wawili wa maana moja watendewe tofauti? Neno "reach" ni la Kiingereza cha kale kabisa, na maana yake ya mwanzo ni kunyoosha mkono. Ukinyoosha mkono ukagusa kitu, umekigusa moja kwa moja, hakuna kinachokaa katikati. "Arrive" ni kugusa ufuko ambao umeshatajwa ndani ya neno. "Reach" bado linahitaji kuambiwa limegusa nini.

Na sisi tunayo tofauti hiyohiyo, tena ndani ya kitenzi kimoja: fika na fikia. Fika hutaja mahali: nimefika kisiwani. Fikia, ile kauli ya kutendea, hushika kitu chenyewe na hata kukivika kiambishi: tumekifikia kisiwa. Ile -i- iliyoingia katikati ya fika na fikia imekwisha kufanya kazi ya kihusishi. "Reach" ni fikia. Ukiandika "reach at" ni kama unasema "tumekifikia kwenye kisiwa", na sikio lako la Kiswahili linakataa papo hapo. Liamini sikio hilo. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, watu wa mialoni walisema maji yameifikia barabara, yamezifikia nyumba. "The water reached the road. It reached the houses." Mpelelezi Mwingereza Speke "reached the southern shore of the lake in 1858". Reli ya kutoka Tabora "reached Mwanza in 1928". Barua ikikufikia, "the letter reached me", wala si "arrived to me".

Ndiyo maana pia ule ujumbe mfupi tunaoutuma tukishuka garini, "I have reached", unabaki ukining'inia. Kiswahili kinaruhusu "nimefika" ikae peke yake, na "arrive" nayo inaruhusu: "I have arrived." Lakini "nimekifikia" haiwezi kusimama bila kujulikana ni nini, na "I have reached" nayo inamwacha msomaji akisubiri. Kwenye simu na mama yako haina shida. Kwenye barua ya kikazi andika "I have arrived", au taja ulipofika.

Kipimo hiki cha kiambishi kinafaa hata nje ya safari. Tumekikaribia kisiwa: "We approached the island", bila "to". Tumeijadili bajeti: "We discussed the budget", na ile "about" inayojazwa kila mahali kwenye mihtasari ya vikao iondoke. Kina mipaka yake, hata hivyo. Tumeizungumzia bajeti ni "We talked about the budget", na hapo "about" ni lazima. Tumeingia mjini kuna -ni, lakini "We entered the city" haitaki kitu. Fikia yenyewe ina maana ya pili: mtu akisema amefikia kwa shangazi yake Pasiansi, anakueleza atakapolala, na Kiingereza chake ni "I am staying at my aunt's".

Mwaloni, wachuuzi wa dagaa wakivutana hadi wakaelewana, tunasema wamefikia bei. Kiingereza kina njia mbili hapo. "They reached a price" ni sahihi. "They arrived at a price" ni sahihi pia, na imebeba mvutano wote uliotangulia, kupanda na kushuka, mmoja kujifanya anaondoka. Ndivyo ilivyo kwa uamuzi, hitimisho na makubaliano: "reach a decision", "arrive at a decision". Kwa mambo ya akilini kama haya "in" haitumiki kamwe. Mtu huandika "arrive to a conclusion" kwa sababu amesikia "come to a conclusion", ambayo ni sahihi, kwani "come" ni kitenzi cha njia. Asichanganye miguu ya huyu na viatu vya yule.

Maneno machache hayataki kihusishi hata kwa "arrive": "home", "here", "there". "We arrived home late." Haya yameshabeba mahali ndani yake, kama nyumbani na hapa. Nomino "arrival" hufuata kitenzi chake: "our arrival in Mwanza", "on arrival at the port".

Utaiona pia "arrived to" katika maandishi mazuri, nawe utajiuliza kama nimekudanganya. "We arrived to find that the ferry had left" ni sahihi, kwa kuwa "to" hiyo ni ya kitenzi kinachofuata, tulifika tukakuta kivuko kimeondoka. "They arrived to a warm welcome" nayo ni sahihi, maana makaribisho ni hali iliyowapokea. Mahali bado panabaki na "at" au "in": "We arrived at Kamanga to find that the ferry had left."

Kwa wakati, saa huenda na "at", siku na tarehe huenda na "on", mwezi na mwaka huenda na "in". Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, basi ni "on 19 June 2025", au "in June 2025" ukiacha tarehe. "On time" ni kwa saa iliyopangwa, na "in time" ni kabla hujachelewa: "We arrived in time to catch the last ferry." Kuhusu saa zenyewe kuna hatari kubwa kuliko kihusishi chochote, na naisema kwa sababu nimeiona ikigharimu siku nzima ya kazi. Kijana mmoja anayepeleka wageni kisiwani aliwaandikia hivi: "When you reach, call me. We will arrive to the island before 4." Alimaanisha kabla ya saa nne asubuhi. Wageni walisoma saa kumi jioni, wakalala hadi mchana, na yeye akakaa gatini na boti aliyoikodi, jua likimpanda kichwani.

Aliponiletea ujumbe ule tulikaa nao kwa muda. Nilimuuliza kwa Kiswahili: wakifika gatini, wapo au wamo? Akasema wapo. Na kisiwa, mtafika au mtakifikia? Akafikiri. "Tutakifikia," akasema, kisha akaandika upya mwenyewe: "When you arrive at the jetty, please call me. We will reach the island before ten in the morning."